Hakuna kitu kinaitwa "hatuna la kufanya tena"

Habari zenu jamani. Kama nilivyowaahidi wale ambao hamkuweza kufika, hii hapa hotuba yote niliyoitoa kwenye mkutano wetu wa wauguzi na ndugu wanaouguza, kuhusu tiba shufaa, ile huduma ya kumpunguzia mateso mwenye ugonjwa mkubwa. Nimeiandika vilevile nilivyoongea, slaidi nimeziacha, hazikuwa na jipya.

Wauguzi wenzangu, madaktari mliofika, na nyie mnaouguza wagonjwa wenu, ambao nikiangalia ndo wengi humu ndani, nawasalimu nyote.

Naanza na swali, na naomba mnyooshe mikono bila aibu. Nani hapa ashawahi kuambiwa, au kusema yeye mwenyewe, maneno haya: "mpelekeni tu nyumbani, hatuna la kufanya tena"? Haya shusheni. Mikono yote hiyo! Na mimi nimenyoosha, mmeniona, maana na mimi nishayasema.

Kuna mzee mmoja tulimpokea wodini, saratani ya tezi dume ilishafika kwenye mifupa ya mgongo. Asubuhi daktari kapita, kasoma faili, kamwita mtoto wa mzee pembeni, kamwambia hayo hayo maneno. Kijana karudi kitandani kwa baba yake anatabasamu, lile tabasamu la kujikaza mnalolijua. Mimi niliingia zamu ya usiku, namkuta mzee kakaa kitako pembeni ya kitanda, halali, maana akijinyoosha tu mgongo unawaka. Nikamuuliza mzee wangu, umelala lini mara ya mwisho? Akasema sista, nimesahau. Choo je? Siku 9. Nikamulika tochi mdomoni, ulimi mweupe pee, fangasi wameshuka mpaka kooni, na sisi kwenye faili tumeandika "anakataa chakula". Anakataa wapi jamani, mtu kila akimeza ni kama anameza vipande vya chupa! Alafu katikati ya maongezi, bila hata kumuuliza, akaniambia ana kaka yake hawajaongea miaka 11, na hajui kama kaka anajua kwamba anaumwa.

Sasa niambieni. Maumivu yale, hakuna la kufanya? Choo kile, hakuna la kufanya? Fangasi, hakuna la kufanya? Usingizi, hakuna la kufanya? Kaka, hakuna la kufanya? Mimi usiku ule nilifanya kazi mpaka kukapambazuka na sikumaliza.

Kilichokuwa kimeisha ni dawa za kupambana na saratani yenyewe. Huduma ilikuwa haijaisha, kwa kweli ilikuwa haijaanza. Hiyo tofauti ndo hotuba yangu yote ya leo, mwenye haraka anaweza kuondoka sasa hivi hatakuwa amekosa kitu kikubwa. (Hakuna aliyeondoka, asanteni.)

Hii huduma tunaiita tiba shufaa. Nikiri kitu, jina lenyewe limetuletea shida, maana mtu akisikia shufaa anafikiria maombezi, anaona mnamletea sala za mwisho. Niliwahi kumwambia mama mmoja kesho atakuja daktari wa tiba shufaa, akaanza kulia akaniuliza, kwani nimeshafika huko? Na si sisi tu, hata wenzetu jina liliwasumbua. Miaka ya sabini kule Montreal, Kanada, kulikuwa na daktari wa upasuaji anaitwa Balfour Mount, alitaka kufungua wodi ya wagonjwa wa namna hii ndani ya hospitali kubwa, lakini akitumia neno hospisi, yaani nyumba ya kuhudumia wanaokaribia kufa, wenye Kifaransa wanaelewa nyumba ya kutupia maskini wasio na kwao. Ikabidi atafute neno lingine, "palliative", ndo hilo sisi tunaita shufaa, akalichukua kwenye Kilatini, neno lenye asili ya joho, lile vazi la kujifunika. Wodi ikafunguliwa 1975. Mimi napenda hiyo picha ya joho. Mvua hujaizuia, lakini mtu umemfunika.

Sasa swali la pili. Mtu unamfunika joho saa ngapi? Akishalowa?

Ndo tunavyofanya. Tunasubiri kemo, zile dawa za saratani, zigome, mionzi igome, figo zigome, mtu abaki na wiki mbili ndo tunaandika kwenye faili "apelekwe tiba shufaa". Nataka mnisikilize vizuri hapa: tiba shufaa inaanza siku ugonjwa mkubwa unapogundulika, inakwenda bega kwa bega na matibabu mengine. Anayepigwa kemo anastahili. Anayesafishwa figo anastahili. Hata yule ambaye tunategemea apone kabisa, kama anateseka, anastahili.

Kuna utafiti ulifanyika Boston, ukachapishwa 2010, wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyokwisha kusambaa, ndo kwanza wamegundulika. Nusu wakapewa matibabu ya kawaida, nusu wakapewa hayohayo pamoja na tiba shufaa tangu mwanzo. Waliopata tiba shufaa mapema walikuwa na maisha yenye unafuu zaidi, sonona ilipungua, na mwishoni walibebeshwa matibabu mazito machache zaidi. Na wakaishi muda mrefu zaidi, miezi 11.6 kwa 8.9. Sasa msitoke hapa mkatangaza kwamba sista kasema tiba shufaa inaongeza siku, maana tafiti zilizofuata si zote zilizoona hilo la siku. Ila kwamba hizo siku zinakuwa na nafuu, hapo zinakubaliana vizuri tu. Na angalau lile la kwamba ukimwita mtu wa tiba shufaa umemharakisha mgonjwa kufa, hilo tulizike leo.

Na jamani tusiseme saratani peke yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 56.8 kwa mwaka wanahitaji huduma hii, na kwa watu wazima, wenye magonjwa ya moyo na mishipa nao ni wengi. Wapo wa mapafu, wapo wa figo, wa ini, wa kiharusi, wapo wenye HIV, wapo watoto wa selimundu na wale waliozaliwa na matatizo ya moyo. Katika wote wanaohitaji, wanaoipata ni asilimia 14 hivi. Asilimia 14! Chukueni watu 100, 86 wanajikunja na maumivu yao.

Nije kwenye maumivu, na hapa nitakaa kidogo. Naona dada wa nyuma pale ameshanyoosha mkono hata sijataja dawa, nimekuona dada yangu, subiri kidogo.

Mofini, ile dawa kali ya maumivu. Nikilitaja hilo neno wodini watu wanabadilika sura. Ndugu wanaogopa, wauguzi tunaogopa, hata madaktari, wanaandika dozi ya kuogopa-ogopa, "apewe akilalamika". Akilalamika! Mtu anakaa na maumivu, anasubiri yafike pale pa kupiga kelele, apige kelele, sista atafutwe, funguo ya kabati itafutwe, sahihi mbili zitafutwe, dawa ije, na ikija maumivu yameshakuwa mlima, dozi ileile ambayo ingeyazuia sasa haitoshi. Alafu tunasema dawa haimfai.

Aliyetufundisha kuacha hivyo ni mama mmoja Mwingereza, Cicely Saunders, alianza kama muuguzi, mgongo ukamsumbua akawa ofisa ustawi wa jamii, alafu akaambiwa kama unataka madaktari wakusikilize kasome udaktari, akaenda akasoma, akahitimu 1957 akiwa na miaka karibu 40. Alichosisitiza ni kitu rahisi mpaka kinatia hasira: toa dawa kwa saa, usisubiri maumivu yarudi. Mofini ya maji au vidonge vya kawaida ni kila baada ya saa 4, aumwe asiumwe, na maumivu yakichomoza katikati kuna dozi ya nyongeza. Basi. 1986 Shirika la Afya Duniani likaliweka hilo la saa kwenye mwongozo wake wa maumivu ya saratani, pamoja na ile ngazi, unaanza na parasetamoli na wenzake, maumivu yakizidi unapanda.

Sasa stori. Mama mmoja alikuwa na saratani ya shingo ya kizazi, binti yake ndo alikuwa anamlea, binti msafi, mpole, hakosi hata siku moja. Tukawapa chupa ya mofini. Kila siku namuuliza mama maumivu yapo kwenye ngapi kati ya 10, anasema 8. Tunaongeza dozi, 8. Tunaongeza tena, 8. Tukaanza kukuna vichwa. Siku moja natafuta kitambaa chini ya kitanda, mkoba wa binti ukaanguka, chupa ikatoka, imejaa mpaka shingoni. Alikuwa hampi. Anamwagia tone mbili kwenye maji ili kijiko kinukie dawa. Nikamkalisha chini, sikumfokea, nikamuuliza kwanini mwanangu. Akasema, sista, nimeambiwa akizoea atakuwa teja, na mimi sitaki mama yangu afe teja.

Mnasikia? Yule binti alikuwa anampenda mama yake. Kwa mapenzi yale alikuwa anamwacha aungue. Na kosa lilikuwa letu, tulimpa chupa hatukumpa maelezo. Kwa hiyo maelezo nayatoa leo kwa sauti. Mwenye maumivu ya saratani akipewa mofini kwa kipimo, na daktari au muuguzi anamfuatilia, kuwa teja ni nadra. Mwili unaizoea, ndiyo, ndo maana hatuikatishi ghafla, tunaishusha kidogo kidogo, lakini mwili kuzoea na mtu kuwa mtumwa wa dawa ni vitu viwili. Ikipandishwa taratibu haimwui. Siku mbili tatu za mwanzo atasinzia, mara nyingi ni usingizi aliokuwa anaudai. Kichefuchefu kinaweza kuja, mara nyingi kinaondoka. Kisichoondoka ni kufunga choo, hiyo mnisikie, ukianza mofini unaanza na dawa ya kulainisha choo siku hiyohiyo, yule mzee wangu wa siku 9 alikuwa anameza kodeini na hakuna aliyekumbuka, na kodeini ni wa ukoo huohuo. Na msijipimie wenyewe nyumbani, wala msimpe jirani. Mwenye figo mbovu anahitaji mahesabu mengine kabisa, hiyo ni kazi ya daktari.

Na wauguzi, tusijidharau. Uganda walibadilisha sheria 2004, wauguzi na maofisa tabibu waliosomea tiba shufaa wakaruhusiwa kuandika mofini wenyewe. Wauguzi! Maana waliona madaktari hawatoshi na maumivu hayasubiri. Mofini yao ni ya maji, unga unachanganywa na maji, inawekwa rangi ili mtu ajue nguvu yake.

Kabla sijasahau, kubanwa pumzi. Kunatisha kuliko maumivu, mgonjwa anaona anazama. Sisi tunakimbilia oksijeni kwa kila mtu, wakati kama kiwango cha oksijeni kwenye damu kiko sawa ile mipira mara nyingi haimsaidii chochote zaidi ya kumkausha pua. Mkalishe aegemee mbele, fungua dirisha, mpunguzie watu waliomzunguka, shika feni ndogo impulize usoni, kwenye mashavu na pua. Feni tu! Ule upepo usoni unauambia ubongo hewa ipo. Na mofini kidogo, ndiyo, hiyohiyo, inatuliza pumzi kama daktari akiona inafaa.

Haya. Tumemaliza mwili? Hatujamaliza mtu.

Huyohuyo Saunders, kabla hajawa daktari, 1948 alimhudumia mwanaume mmoja mkimbizi kutoka Poland, David Tasma, anakufa na saratani kwenye wodi London, hana ndugu pale. Walikuwa wanaongea, mambo ya kawaida na mambo mazito, na kwenye hayo maongezi ndo wazo la nyumba ya wagonjwa kama yeye likazaliwa. Alipofariki akamwachia pauni 500, ziwe dirisha kwenye nyumba hiyo. Nyumba ilikuja kufunguliwa 1967, St Christopher's, miaka 19 baadaye. Mwanamke alikaa na dirisha miaka 19 hana nyumba ya kuliweka! Na fundisho lake kubwa likawa kwamba maumivu ya mgonjwa ni ya jumla, yapo ya mwili, yapo ya moyoni, yapo ya familia na pesa, yapo ya imani, na yamefumwa pamoja huwezi kuvuta uzi mmoja ukaacha mingine.

Mimi hili nililisoma chuoni nikapasia mtihani, sikulielewa. Nilielewa kwa jamaa mmoja wa saratani ya kongosho. Maumivu usiku tu. Mchana yuko 3, yuko 4, usiku 9. Tukabadilisha saa za dawa, tukapandisha, tukaita mtaalamu wa kuchoma mishipa ya maumivu, wapi. Siku moja mwanafunzi wa uuguzi, mtoto wa juzi tu, akamuuliza swali ambalo sisi wenye vyeti hatukuuliza: usiku ukiwa huna usingizi unawaza nini? Akanyamaza muda mrefu. Akasema mimi ni mweka hazina. Kumbe alikuwa anashika pesa za kikundi cha akiba cha wenzake kazini, zipo kwenye simu yake, namba ya siri anaijua yeye tu, na daftari limekaa nyumbani juu ya kabati. Anajua akifa leo watu watasema amekufa na pesa zetu. Watoto wake wataitwa watoto wa mwizi. Basi ofisa ustawi wa jamii akaitwa, wenzake watatu wakaja na daftari, wakakaa kitandani wakahesabu mbele yake, zikapungua kidogo, akacheka, wakakumbuka nani alikopa, wakasaini. Usiku ule akalala. Dozi hatukuipandisha tena kwa wiki nzima.

Mofini haitibu deni, jamani. Wala haitibu mtu anayejiuliza yeye amemkosea Mungu nini. Mwenye imani yake mwitieni kiongozi wake anayemtaka yeye, si mnayemtaka nyie, na asiye na haja hiyo aachwe.

La mwisho ni kusema ukweli, na hapa stori ni ya kosa langu mwenyewe. Nikiwa bado mgeni kazini, kijana wa miaka 20 na kitu, moyo umechoka kabisa, miguu imevimba, aliniuliza usiku, sista, mimi nakufa? Nikaogopa. Nikamwambia kwa sauti ya furaha, acha hayo, utapona tu, kesho utaona! Akaniangalia. Akageuka ukutani. Aliishi siku 6 zaidi na hakuniuliza tena kitu chochote, hata maji alimwomba mwenzangu. Nilimfungia mlango na alikuwa kaja kwangu nimfungulie.

Siku hizi nikiulizwa hivyo nakaa. Kwanza nakaa, kiti kama kipo, kitanda kama hakipo. Nauliza, ni kitu gani kimekufanya uniulize leo? Unaelewa nini kuhusu ugonjwa wako? Ungependa kujua yote, au ungependa tumweleze mtu wako? Wapo wanaosema sitaki kujua, na hiyo ni haki yao. Alafu nanyamaza. Kunyamaza ndo kugumu kuliko yote, mdomo unawasha.

Na nyie ndugu mnaotukamata koridoni, "sista asijue tafadhali", nawaelewa, mnataka kumlinda. Lakini mnadhani hajui? Mwili ni wake. Anaona nguo zinampwaya, anaona mnatoka nje kuongea na simu, anaona mtoto aliyesoma mbali kaja ghafla katikati ya muhula. Anajua. Anachokosa ni mtu wa kujua naye.

Chakula nisemee harakaharaka. Mwisho ukikaribia mtu haoni njaa, mwili unajifunga taratibu, na ukimlazimisha kijiko kinaweza kuingia kwenye njia ya hewa. Dripu nayo mara nyingi inaishia kumvimbisha. Mlowanishe midomo, mpake mafuta, mgeuze kila baada ya muda asipate vidonda, ongea naye hata kama hajibu. Na wewe unayeuguza ulale. Nimeona walezi wanazimia pembeni ya kitanda. Pangeni zamu, na zamu yako ikiisha ondoka kweli, usikae mlangoni.

Mnauliza yule mzee wa mwanzo. Mgongo tuliutuliza siku ya tatu, mdomo ulipona kama wiki, choo sitaki kuwasimulia. Kaka alitafutwa na yule kijana, akaja jioni moja kavaa koti kubwa, akasimama mlangoni kama dakika tano nzima. Nikawaacha. Baada ya nusu saa nasikia kelele nikakimbia, nakuta wanabishana vibaya kuhusu mpaka wa shamba, mzee amekaa, amelegea, kidole kiko juu anaelekeza, ikabidi niwaambie wazee wangu tafadhali punguzeni sauti wenzenu wamelala. Kaka alikuja kila jioni baada ya hapo, wakaendelea kubishana.

Haya, maswali. Dada wa nyuma pale, anza wewe, umeshika mkono juu tangu kwenye mofini.